Alichosikia Kamusi

Kamusi alikuwa mpokezi katika hoteli ya ghorofa tatu jirani na stendi ya mabasi, hoteli yenye ngazi nyembamba, feni moja ukumbini na ubao wa funguo ambao nusu ya misumari yake ilikuwa imelegea. Jina hilo alipewa na mdogo wake tangu wakilala kitanda kimoja, kwa sababu kila karatasi yenye Kiingereza aliyoiokota, hata ya kufungia sabuni, aliisoma kwa sauti mpaka mwenzake akajifunika shuka kichwani. Hakwenda shule sana. Kiingereza chake alikipata palepale mezani, kwa wageni, kipande kipande, kama mtu anayejenga nyumba kwa matofali ya kuokota.

Wageni ndio waliomfundisha, bila wao kujua, kwamba lugha ile haina shida kwenye vitenzi vyenyewe. Shida iko kwenye vineno vinavyofuata nyuma. Mgeni akifika ana "check in", akiondoka ana "check out". Teksi "picks up" hapa mlangoni na "drops off" kule uwanja wa ndege. Maji ya moto yakiisha yame "run out", ingawa hayakukimbia kwenda popote. Redio ikipiga kelele utaambiwa "turn it down", na meneja akikataa ombi lako la likizo, hilo nalo atakuwa ameli "turn down", kana kwamba ombi lilikuwa linapiga kelele.

Mambo haya alimsimulia mdogo wake jioni, wote wawili wameketi kwenye ngazi za nyumba ya mama yao, na mdogo mtu alicheka mpaka akashika mbavu.

"Hao watu wana vitenzi vichache tu," alisema. "Vingine vyote ni mikia."

Mdogo mtu huyo alikuwa fundi wa paa, na kila mtu alimwita Fundi, mama yake akiwemo. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa miguu, mtu wa kutembea juu ya mgongo wa paa huku akizungumza na mteja aliyesimama chini, kama yuko sebuleni kwake. Hakuvaa viatu akiwa juu. Alisema unyayo unasikia bati linapotaka kuteleza kabla jicho halijaona. Mkewe, msusi aliyesukia watu kibarazani, alizoea kuinua kichwa kila aliposikia nyundo mtaani, na akiitambua kuwa ni ya mumewe, anaendelea kusuka.

Siku aliyoanguka, hakuteleza. Ubao ulikuwa umeoza kwa ndani. Alikuwa akitengeneza paa la ghala la nafaka, akaukanyaga, ukakatika kama biskuti, naye akashuka pamoja na mabati mawili mpaka chini penye ukingo wa saruji. Mguu wa kulia ulivunjika chini ya goti na mfupa ukachungulia nje. Waliombeba walisema hakupiga kelele. Aliuliza tu kama mabati yameharibika.

Hospitali kubwa wakamsafisha, wakaunyoosha mguu, wakaufunga plasta yenye tundu dogo mbele ili kidonda kipate kusafishwa. Wodi ilikuwa ndefu, vitanda vimepangwa pande mbili, madirisha ya vioo vya kufunguka nusu. Daktari wa mifupa alikuwa mgeni kutoka ng'ambo, aliyekuja kusaidia kwa miezi michache. Alikuwa mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha, na hakujua Kiswahili zaidi ya asante. Nesi wa wodi ndiye aliyekuwa akimtafsiria, na alifanya vizuri, kwa sauti ya chini, akimtazama mgonjwa badala ya kumtazama daktari.

Mwanzoni Fundi alikuwa akitania. Aliwaambia wenzake wa vitanda vya jirani kwamba paa la wodi ile limepigiliwa na mtu mwenye hasira. Kisha homa ikaingia. Vidole vya mguu vikabadilika rangi, plasta ikaanza kutoa harufu ambayo msusi alijaribu kuifunika kwa kubadilisha shuka kila asubuhi, na Fundi mwenyewe akawa haeleweki. Mara amwite marehemu baba yake, mara aagize misumari.

Asubuhi moja walikuwa wote watatu kando ya kitanda, mama, msusi na Kamusi aliyeomba ruhusa kazini, daktari alipopita na nesi wake. Alifunua shuka, akainama kwenye lile tundu, akagusa vidole kimoja kimoja. Alipoinuka alikuwa na uso wa mtu mwenye neno. Lakini kabla hajafungua kinywa, kelele zikatoka wodi ya wanawake, mgonjwa ameanguka, na nesi akaitwa kwa jina. Aliondoka mbio, akiwafanyia ishara ya mkono kwamba wamsubiri.

Daktari alitazama saa. Chumba cha upasuaji kilikuwa kikimsubiri. Hapo msusi akasema, kwa nia njema kabisa, kwamba shemeji yake anajua Kiingereza. Kiasi hicho daktari alikielewa, maana alimwona akimnyooshea Kamusi kidole. Mama akajinyoosha mgongo. Miaka yote alikuwa akiwaambia majirani kwamba mwanawe mkubwa anaongea na wazungu mpaka wanacheka, na sasa siku ilikuwa imefika ya watu kuona.

Daktari aliweka mkono juu ya plasta, akauacha hapo, akasema polepole, kama mtu anayemheshimu anayezungumza naye.

"It's not clearing up. If he's going to pull through, it will have to come off. We could hold off till Monday if the family wants, but I wouldn't."

Kamusi alisikia kila neno. Hilo alilishikilia baadaye, na lilikuwa kweli: hakuna neno lililompita masikioni. "Clear up" alilijua kwa habari ya mvua. Wageni huuliza kama mawingu yatatawanyika. Kidonda hakijatulia, basi. "Pull through" hakulijua sawasawa, lakini lilikuwa na sura ya kupona. Na "come off" lilikuwa neno lake la kila siku. Wageni walimletea mashati na kumwuliza kama doa lita "come off". Kitasa cha chumba namba saba kili "come off" kila wiki. Ni kitu kilichobandikwa kinachobanduka. Na mkono wa daktari ulikuwa juu ya plasta, plasta yenyewe inanuka, mtu yeyote angesema plasta ile lazima ibanduliwe. Kuhusu "hold off", alisikia neno linalofanana nalo, "hold on", ambalo yeye mwenyewe hulisema kwenye simu kutwa nzima: subiri kidogo, tafadhali. Lile la mwisho, "I wouldn't", lilikuwa fupi mno. Lilipita kama mtu anayepita mlangoni bila kubisha.

Akawageukia wenzake.

"Anasema kidonda bado hakijatulia. Ili apone, lazima itoke. Halafu tuvumilie mpaka Jumatatu."

"Itoke nini?" akauliza msusi.

"Plasta."

"Plasta tu?"

"Plasta tu."

Msusi alishusha pumzi. Alimwomba amwulize kama mumewe ataumia wakati wa kuitoa, maana imegandamana na kidonda. Kamusi akauliza. Daktari alitikisa kichwa, akasema hapana, "we'll put him under". Kamusi akaona maana yake watamlaza vizuri, akawaambia hataumia. Daktari akamtazama mama, akamtazama msusi, akauliza kama wote wamekubali, kama kweli wameelewa. Kamusi akajibu kwamba wameelewa na wanashukuru. Daktari alionekana kushangaa kidogo kwa utulivu wao. Alimshika Kamusi begani.

"I'm so sorry," alisema.

Kamusi hakulitilia maanani. Wageni husema hivyo kwa kila kitu, hata wewe mwenyewe ukijikwaa.

Msusi alitia saini fomu pale alipoonyeshwa, bila kusomewa, na mume wake akasukumwa kupitia milango miwili ya mpira. Wakakaa kwenye benchi la korido. Mama alikuwa na moyo mweupe siku ile. Alisema wakishaitoa ile plasta yenye uvundo mwili utapata hewa, na hewa ni dawa. Alimwuliza Kamusi daktari anatoka nchi gani, kama ana mke, na Kamusi akajibu kama mtu aliyeongea naye mambo mengi. Msusi alisinzia, kichwa ukutani, kwa mara ya kwanza tangu homa ianze.

Kitanda kilirudi kikisukumwa na wahudumu wawili. Fundi alikuwa amelala kinywa wazi. Msusi ndiye aliyeona kwanza. Alinyoosha mkono akaweka juu ya blanketi, mahali ambapo mguu ulipaswa kuwa, na mkono ukashuka mpaka kwenye godoro.

Nesi aliporudi aliwakuta mama ameketi sakafuni na msusi bado amesimama, kiganja kimebaki palepale. Aliuliza nani aliwatafsiria. Kamusi akasema ni yeye, akarudia maneno ya daktari kama alivyoyasikia, kwa Kiingereza, moja baada ya jingine. Nesi alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumkaripia. Alimwambia kwamba kilichotakiwa kutoka ni mguu wenyewe, na "put him under" ni kumpa dawa ya usingizi. Alimwambia pia kwamba "hold off" na "hold on" ni vitu viwili: daktari alikuwa amewapa familia nafasi ya kuahirisha mpaka Jumatatu wakitaka, ingawa yeye mwenyewe hakushauri.

"Tungesubiri, mguu ungepona?" Kamusi akauliza.

"Sidhani. Pengine ungemmaliza."

"Pengine."

"Pengine," nesi akasema. "Ila mlikuwa mmeulizwa."

Fundi alirudiwa na akili kesho yake, homa imeshuka. Mama hakuweza, msusi hakuweza, ikabidi Kamusi ndiye amwambie. Alivuta kiti cha chuma, akamweleza yote bila kujikinga popote. Fundi alimsikiliza akitazama dari, kama mtu anayepokea vipimo vya nyumba.

"Sasa wewe kaka ulisikia nini hasa? Niambie kwa lugha yao."

Kamusi akamwambia. Fundi akamwomba arudie kile kipande cha katikati, akarudia. Fundi akajaribu kukitamka mwenyewe, "come off", mara moja tu.

"Kumbe ni mkia," akasema, akageukia ukutani.

Hawakugombana. Kamusi alisubiri ugomvi kwa wiki kadhaa, alikuwa tayari kutukanwa, hata kupigwa kwa gongo, na haukuja. Fundi alirudi nyumbani, akawekewa kiti kibarazani karibu na wateja wa mkewe. Alijibu salamu. Alimshukuru kaka yake kwa kila alicholetewa, matunda, betri za redio, kwa adabu ile ile ambayo wageni wa hoteli humshukuru mtu aliyewabebea begi. Hakumtania tena. Jina la Kamusi, ambalo yeye ndiye aliyelizua, halikutoka tena kinywani mwake. Alimwita kaka, basi.

Nyundo zilipolia mtaani, msusi aliacha kuinua kichwa. Fundi ndiye aliyekuwa akiinua sasa.

Kazini mambo yalimharibikia Kamusi polepole. Mgeni akimwambia atashuka baadaye kulipia, yeye anauliza kushuka wapi. Mwingine alimwomba "put me through" kwa mkewe kwenye simu, jambo alilolifanya maelfu ya mara, akabaki ameshika mkono wa simu akimwuliza anataka nini hasa, mpaka yule mtu akakata. Alikuwa ameanza kusikia kila kineno, na kila kineno kilikuwa na tundu ndani yake. Meneja alimvumilia, kisha akamwita ofisini, lakini kabla hajasema kitu Kamusi aliomba mwenyewe ahamishiwe stoo ya mashuka. Huko nyuma hakuna dirisha na hakuna wa kuongea naye isipokuwa dobi, ambaye alikuwa mtu wa maneno machache.

Daktari mgeni muda wake ukaisha, akarudi kwao. Inasemekana siku ya kuondoka aliuliza habari za yule mgonjwa wa paa, na nesi akamwambia anaendelea vizuri. Hakuona sababu ya kumwongezea mzigo.

Lakini Fundi hakuwa akiendelea vizuri. Kigutu kilikuwa kimefunga kwa juu tu. Kikavimba, kikapasuka, kikatoa usaha, na homa ikarudi na nguvu mpya. Kwa muda alificha. Alikisafisha mwenyewe, akajifunga kitambaa safi juu, na msusi alipogundua, wekundu ulikuwa umeshapita goti na kupanda pajani. Kamusi alikodi gari, wakampeleka.

Daktari safari hii alikuwa mwanamke wa hapahapa, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Hakukuwa na haja ya mkalimani. Alivuta kiti akakaa, uso wake sambamba na wa mgonjwa, akamwambia kwamba usaha umeingia kwenye mfupa na unapanda. Inabidi akatwe tena, juu ya goti, leo. Akikatwa ana nafasi nzuri ya kuishi. Asipokatwa, sumu itaenea mwilini na hatamaliza wiki. Alizungumza kama mtu anayepanga sahani mezani, moja moja, pasipo kelele. Kisha akamwomba Fundi amrudishie maelezo kwa maneno yake.

Fundi akayarudisha, hakuacha hata moja.

"Umeelewa, baba?"

"Nimeelewa, daktari. Asante. Sikatwi."

Msusi aliketi pale pale aliposimama. Daktari alisema tena, kwa njia nyingine. Fundi akamsikiliza mpaka mwisho, akajibu vilevile. Daktari akasema mlango uko wazi mpaka jioni, akibadili mawazo wamwite, hata awe anakula. Akatoka, akawaachia nafasi.

Kila mmoja alijaribu. Mama alipiga magoti, kitu ambacho mama hamfanyii mtoto. Msusi alimtajia watoto wao, kisha akabaki kumshika mkono. Mwisho wakatoka wote wawili ili Kamusi abaki naye.

Kamusi alikuwa amejiandaa njia nzima. Maneno yote aliyokuwa nayo sasa yalikuwa ya lugha yake, aliyonyonya nayo, ambayo haikumhitaji kubahatisha. Alimwambia mdogo wake kwamba mtu anaweza kuishi na mguu mmoja. Alimwambia atamfungulia duka la mabati na misumari, vijana wapande, yeye awaelekeze. Alimwambia kama anamwadhibu yeye, basi amwadhibu kwa namna nyingine, amkatae mbele za watu, amzuie kukanyaga nyumba yake, asimwadhibu kwa roho ya baba wa watoto.

"Sikuadhibu, kaka," Fundi akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo kwa homa. "Ungekuwa wewe umelala hapa, na mimi ndiye niliyesikia vibaya, ungefanyaje?"

"Ningekubali kukatwa."

"Labda."

Mhudumu alipita akipiga deki, akawaomba wainue kiti, Kamusi akainua, akakirudisha.

"Niambie kitu kimoja," Kamusi akasema. "Siku ile ningesikia sawasawa. Ningekuuliza: mguu utoke, au tusubiri Jumatatu. Ungesema nini?"

Fundi alifumba macho muda mrefu, Kamusi akadhani amelala.

"Sijui," akajibu. "Ningejua kama ningeulizwa."

"Na sasa umeulizwa."

"Nimeulizwa. Nimejibu."

Jioni daktari alirudi mwenyewe bila kuitwa. Fundi alimkaribisha, akamwomba radhi kwa usumbufu, akakataa. Siku mbili baadaye hakuweza tena kukataa wala kukubali, na daktari alipotaka kumkata hivyo hivyo ili kuokoa kinachookoka, moyo ulikuwa umechoka mno kubebeshwa usingizi wa dawa. Alifariki mchana, wodi imejaa wageni wa watu wengine, mkewe akimfuta jasho.

Walimzika wafanyakazi wenzake wa paa. Mama hakumlaumu Kamusi, wala hakumtetea walipoanza kunong'ona. Alikaa ndani na wanawake, na kila Kamusi alipopita mlangoni, mama aliinamisha uso kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka.

Watu walipotawanyika, msusi alimkuta Kamusi kwenye bomba la uani akiosha vikombe vilivyoazimwa kwa jirani. Alichukua kitambaa, akasimama kando yake akikausha. Walifanya hivyo kwa muda, yeye anaosha, mwenzake anakausha.

"Shemeji," msusi akasema. "Yule daktari wa mwisho. Alisema kila kitu, sivyo? Hakuna tulichokosa kuelewa?"

"Alisema kila kitu."

"Na mume wangu alielewa."

"Alielewa kuliko sisi."

Msusi aliitikia kwa kichwa polepole. Alikiinua kikombe kilichokauka, akakitazama ndani, akakipanga pamoja na vingine, kisha akanyoosha mkono apewe kinachofuata.